Uvimbe Nilioachiwa

Uvimbe wangu ninao hadi leo. Uko mkono wa kulia, umeanzia chini kidogo ya mkunjo wa kifundo na kuishia katikati ya kiganja. Ukiubonyeza ni laini, na nikikunja mkono unajitokeza hata mtu aliye mbali auone. Nalisema hili mapema kwa sababu ushuhuda mwingi niliousikia maishani, iwe redioni au kwenye shughuli za majirani, huisha kwa ugonjwa kuondoka na watu kushangilia. Mimi nimepata nafuu huku uvimbe ukiachwa palepale, na kulikubali jambo hilo kulinitesa kuliko maumivu yenyewe.

Mimi ni fundi wa nguo, Ngamiani, Tanga. Cherehani ndiyo inayolipa kodi ya fremu, lakini kazi niliyoirithi kwa bibi mzaa mama ni kofia za viua, zile zinazoshonwa kwa mkono tundu baada ya tundu, uzi ukizungushwa ukingoni mwa kila tundu mpaka ukingo uwe mgumu. Kofia moja njema hula wiki nyingi. Asiyeijua kazi hii hudhani ni kazi ya macho. Macho yanapanga ua, basi. Sindano inapopenya kitambaa na kutokea upande wa chini, ni ncha ya kidole cha shahada inayokuambia umefika wapi na uvute uzi kwa nguvu gani. Bibi alikuwa akishona huku anazungumza na wageni, haangalii.

Mama anasema uvimbe huo aliuona nilipoanza chuo cha Kurani, kabla sijajua hata kushika kalamu. Ulikuwa mdogo, hauumi, ukakua nami. Kidole changu cha shahada cha kulia nacho ni kinene kidogo kuliko cha kushoto, jambo ambalo hakuna aliyelitilia maanani. Bibi alinikanda kwa mafuta ya nazi. Mzee mmoja mchuaji aliitwa, akaja mara kadhaa, akauchua mpaka nikalia, na uvimbe haukupungua hata kidogo. Shangazi, dada yake baba, yeye alikuwa na maelezo yake: mama alikuwa akikata nguo usiku alipokuwa na mimba yangu, akaonywa, akakaidi. Neno hilo lilisemwa kwenye kila sherehe ya ukoo. Mama hakuwahi kulijibu.

Nilipofika miaka ya ishirini na kitu, mkono ukaanza kuniamsha. Usiku wa manane kiganja kinawaka, vidole vinachonyota, naukung'uta mkono kando ya kitanda mpaka utulie. Ikafuata ganzi ya mchana. Mkasi ukawa unanidondoka. Nikiwa napiga pasi niligusa bati lake nikasikia harufu kabla ya kusikia moto. Lakini lililonivunja moyo lilikuwa kofia ya harusi, nyeupe, iliyolipiwa nusu bei, ambayo niliigeuza upande wa ndani nikakuta madoa ya damu mfululizo. Sindano ilikuwa inanichoma muda wote na mimi sina habari. Damu kwenye kitambaa cheupe cha kofia haitoki ikasahaulika. Nilirudisha fedha.

Duka la dawa walinipa vitamini B na vidonge vya maumivu. Zahanati walipima sukari, wakauliza kama nina ujauzito, kwa kuwa ganzi ya mikono huwapata sana wajawazito na wenye kisukari. Sikuwa na hayo yote. Wakanipa bendeji. Mwishowe kliniki moja ya binafsi waliutazama uvimbe, wakaubonyeza mara moja, wakasema: mafuta tu hayo, tunachoma ganzi, tunayatoa, jioni uko kwako. Sikuwaona wabaya. Uvimbe wa mafuta chini ya ngozi ni jambo la kawaida na kweli hutolewa kirahisi. Nikachukua zamu yangu kwenye mchezo wa kupeana fedha wa akina mama wa mtaani, nikalipa nusu, nikapangiwa siku. Nyumbani ilikuwa furaha. Kisha daktari wao akapata safari na siku ikasogezwa mbele.

Katikati ya kusubiri huko, mkoani kukaja kambi ya madaktari bingwa. Nilimpeleka mama kwa ajili ya magoti yake. Daktari wa mifupa akiwa anaandika cheti cha mama, nikamwona anatazama mkono wangu uliokuwa umeshika mkoba.

“Dada, mkono huo una muda gani?”

Nikamweleza, na nikamwambia kwa fahari kwamba karibu unatolewa. Hakuugusa uvimbe kwanza. Alichukua kipande cha pamba akanigusa vidole kimoja kimoja nikiwa nimefumba macho. Gumba, shahada na cha kati nilibahatisha. Cha pete nilisikia upande mmoja tu, ule unaotazama kidole cha mwisho. Cha mwisho nilisikia vizuri kabisa. Akaniambia nisimamishe gumba kutoka kwenye kiganja, yeye akilisukuma chini. Likashuka bila ubishi. Ndipo akagonga juu ya uvimbe kwa ncha ya kidole chake, taratibu, na umeme ukanikimbia hadi ncha za vidole nikaruka kwenye kiti.

“Asikuguse mtu hapo na kisu mpaka ipatikane picha,” alisema. Mama akasahau magoti.

Alichokisoma kwenye vidole vyangu kila daktari wa mikono anakijua, ila inabidi aulize. Kwenye kifundo cha mkono kuna mfereji mwembamba. Sakafu na kuta zake ni mifupa, paa lake ni utepe mgumu. Humo hupita kano 9 zinazokunja vidole, na pamoja nazo mshipa mmoja wa fahamu unaoitwa neva ya kati. Hiyo ndiyo inayoleta hisia kwenye gumba, shahada, cha kati na nusu ya cha pete, na ndiyo inayoipa nguvu sehemu kubwa ya ile minofu iliyo chini ya gumba. Kidole cha mwisho kinahudumiwa na neva nyingine isiyopita mferejini. Kwa hiyo ganzi inayogawanya kidole cha pete katikati na kukiacha cha mwisho salama inataja jina la neva iliyobanwa. Na ule umeme baada ya kugongwa ulimwambia kwamba uvimbe huu, ambao kliniki waliudhani umelala juu ya neva, huenda ni neva yenyewe.

Altrasaundi nilifanyiwa Tanga. MRI ikabidi niende Dar es Salaam, kwa basi, kupitia Segera na Chalinze, na fedha za ile operesheni nilizoziomba zirudishwe zikaishia huko. Huko mapokezi waliniuliza kama nina chuma mwilini. Nikasema sina. Fundi wa mashine, kijana mpole, akanitazama kolani akanyoosha kidole: nilikuwa nimechomeka sindano tatu kwenye gauni, mahali ninapozichomeka kila siku kazini. Nikazitoa. Kisha nikakumbuka pini za mtandio. Kisha ile iliyokuwa kwenye pindo. Alicheka mpaka akakaa.

Picha zilipotoka, daktari yule wa mifupa alizipachika kwenye taa akaniita nisogee. Kwa kawaida neva ya kati kwenye kifundo, ukiikata kwa kuikingamisha, eneo lake ni milimita mraba 10 au pungufu. Yangu ilikuwa imevimba mara kadhaa ya hapo na kuujaza mfereji wote. Ndani yake mlikuwa na vidoa vyeusi vya duara, kila kimoja kimezungukwa na weupe. Vyeusi ni mafungu ya nyuzi za neva. Weupe ni mafuta. Madaktari wa picha huuita mwonekano huo waya wa umeme uliokatwa, na ukiutazama kwa urefu wanauita tambi, kwa kuwa zile nyuzi zinaonekana zimetandazwa sambamba ndani ya mafuta. Aliniambia kwamba hakuna ugonjwa mwingine wa neva unaotoa picha hiyo, na ndiyo maana hakuwa na haja ya kukata kinyama cha kupima maabara. Kukata kinyama maana yake ni kukata neva.

Jina aliliandika nyuma ya bahasha: lipomatosisi ya neva. Zamani ugonjwa huu uliitwa hamatoma ya nyuzi na mafuta. Daktari Mmarekani aitwaye Mason ndiye anayetajwa kuueleza kwanza, mwaka 1953, na hili jina la sasa ndilo lililotumiwa na Shirika la Afya Duniani katika orodha yake ya mwaka 2002. Si saratani. Haukuletwa na kula mafuta wala unene, maana ni mafuta na tishu ngumu zilizoota ndani ya ganda la neva, na mara nyingi huwa zimeanza tangu utotoni. Katika neva zote za mwili, hii ya kati ya mkononi ndiyo inayopatwa zaidi. Wengine, tena si wachache, huwa na kidole kimoja au viwili vilivyokua kupita kiasi, nyama na mfupa pamoja. Kidole changu kinene kilikuwa kidokezo kidogo cha hilo hilo.

Nikauliza swali ambalo kila mtu angeuliza. Basi si mnayatoa hayo mafuta?

Alijibu kwa subira, na nadhani alikuwa amekwisha kulijibu kwa wengine. Kuna lipoma ya kawaida, yenye ganda lake, ambayo hata ikikaa ndani ya neva daktari mzoefu anaweza kuikung'uta ikatoka nzima, neva ikabaki. Yangu haina ganda. Mafuta yamejipenyeza katikati ya mafungu ya nyuzi, yameyazunguka moja moja, na kuyafuata yote ni kuzichana nyuzi zenyewe. Waliokatwa uvimbe wa aina hii wakitegemea kupona wapo waliobaki na vidole visivyosikia na gumba lisiloshika. Alichopendekeza ni kuufungua mfereji, yaani kulikata lile paa, ili neva iliyovimba ipate nafasi ya kukaa. Uvimbe hautaondoka. Unaweza hata kuonekana zaidi.

Nyumbani sikupata wa kunielewa. “Mmelipa laki zote hizo,” shangazi alisema, “mkaambiwa uvimbe ubaki?” Wifi yangu alipata namba ya kliniki nyingine iliyokuwa tayari kuutoa wote, na kwa bei nafuu. Mume wangu hakusema kitu, lakini nilimwona anapiga hesabu. Na mimi mwenyewe, Mungu ananijua, nilikuwa upande wao. Nilikuwa nimeficha kiganja hicho kwenye kanga tangu nina akili. Nilitaka kiwe bapa. Daktari anayekuambia nitakukata halafu nitakuachia, unamjibu nini? Kuna kitu ndani yetu kinachoamini kwamba ugonjwa ni kitu, na kwamba kupona ni kitu hicho kutupwa kwenye ndoo. Waganga wanalijua hili vizuri, ndiyo maana hawamwachi mgonjwa aondoke bila kuonyeshwa unywele au msumari uliotolewa mwilini mwake.

Niliporudi kwa daktari kumwambia kwamba familia inataka utolewe, hakubishana. Alichukua plasta pana akanizungushia gumba, shahada na cha kati, tabaka juu ya tabaka, akalilaza gumba ubavuni mwa kiganja na kulifunga hapo. Akanipa sindano na uzi. “Tia.” Nikajaribu. Akanipa shati lake la kazini nifunge kifungo. Akaniambia nitoe sarafu kwenye mkoba bila kutazama. Baada ya muda akasema, “Mkono utakaobaki neva hii ikikatwa ni huo. Uamuzi ni wako.” Nikaenda hivyo hivyo mpaka nyumbani, plasta mkononi, nikampa shangazi sindano na uzi anitilie. Naye macho yake hayaoni vizuri. Tukakaa wawili hatuwezi kutia uzi sindanoni, yeye kwa uzee, mimi kwa plasta, mpaka akaitupa mezani akasema haya, fanyeni mnavyojua.

Kabla ya operesheni walinipima kasi ya umeme kwenye neva, kipimo cha kuudhi cha kupigwa shoti ndogo ndogo, ili wajue imeumia kiasi gani na wawe na cha kulinganisha baadaye. Siku yenyewe nilichomwa sindano ya ganzi kwapani, mkono mzima ukalala nami niko macho nyuma ya pazia la kijani. Niliwasikia wakiongea. Kulikuwa na kimya utepe ulipokatwa, kisha daktari akawaita wanafunzi wasogee. Baadaye alinionyesha picha kwenye simu yake: kitu cha manjano, kinene, kimejikunja kidogo kwa kukosa nafasi, na mishipa midogo ya damu juu yake. Hicho ndicho kilichokuwa kikishona kofia miaka yote. Hawakukikwangua wala hawakukichana. Walifungua nafasi, wakahakikisha tawi dogo linalokwenda kwenye minofu ya gumba halibanwi, wakashona ngozi.

Usiku wa tatu hivi nililala mpaka adhana ya alfajiri. Kwa aliyekuwa akiamka kila usiku kukung'uta mkono, hiyo peke yake ilitosha kumfanya asujudu sijda ya shukrani. Mengine yalikuja polepole na mengine hayakuja. Niliambiwa niweke mkono juu ya mto, nikunje na kunyoosha vidole tangu siku ya kwanza, nisibebe ndoo, nisikamue nguo. Nyuzi zilitolewa baada ya wiki mbili. Kwa miezi, chini ya kiganja palikuwa pakiuma nikijiegemeza, na kufungua chupa ilikuwa vita. Gumba limerudisha nguvu kiasi kikubwa, ingawa ile nyama ya chini yake haijajaa kama ya mkono wa kushoto. Gumba na cha kati vinasikia. Cha shahada kinasikia mguso, lakini hakitofautishi hariri na pamba, na daktari alisema neva iliyobanwa miaka mingi hairudishi deni lote. Namwamini. Anayechonyotwa usiku leo asingoje mpaka kofia iingie damu.

Nimebadilisha namna ya kufanya kazi. Nashona kwa kastabini, kitu ambacho bibi angekicheka. Joto la pasi, la maji ya kumwogesha mtoto, la sufuria, nalipima kwa kidole cha mwisho, ambacho hakijawahi kunidanganya. Viua vya katikati, vile vidogo kabisa, anashona binti wa jirani niliyemfundisha. Mimi nachora, natoboa, namalizia ukingo. Nalala na kibao cha kifundo nikiwa na kazi nyingi, mkono usijikunje usingizini. Mara moja kwa mwaka narudi kupimwa, kwa sababu mafuta yanaweza kuendelea kuongezeka, na nikiona gumba linaanza kudondosha vitu sitakiwi kusubiri tarehe. Fedha bado nadaiwa kidogo kwenye mchezo. Mteja akiuliza “Fundi, mkono una nini?” namweleza yote, hata kama alikuja kupunguza suruali tu.

Kuna neno moja nililomletea mama. Nilimuuliza daktari kuhusu ule usiku wa kukata nguo, nikijifanya natania. Hakucheka. Akaniambia kwamba mwaka 2013 watafiti walitoa habari za mabadiliko katika jeni iitwayo PIK3CA waliyoyakuta ndani ya neva za watu wenye vidole vikubwa vya aina hii. Mabadiliko hayo hutokea mtoto akiwa tumboni, baada ya mimba kutungwa, katika baadhi tu ya chembe za mwili. Hayatoki kwa baba wala kwa mama, na hayasababishwi na jambo lolote alilofanya mjamzito. Nililirudia neno kwa neno sebuleni, shangazi akiwepo. Mama aliendelea kuchambua mchele. Kisha akamuuliza shangazi kama amesikia vizuri au arudiwe.

Habari hizo zilisambaa mtaani kwa njia zake, na mwaka jana mama mmoja wa barabara ya nyuma akaniletea mwanawe. Kidole cha kati cha mtoto kilikuwa kimepita vingine kwa urefu na unene, naye huvalishwa soksi mkononi aendapo shule. Niliwapeleka kwa daktari yule yule, na safari hii nilikuwa najua la kuuliza. Kwa mtoto ambaye bado anakua hali ni tofauti na yangu, maana mfupa una sehemu zake za kukulia na sehemu hizo zinaweza kuzuiwa kwa operesheni ndogo, kidole kikasimama hapo kilipofika. Wakati wa kufanya hivyo huchaguliwa kwa kipimo. Mtoto wa kiume hulinganishwa na baba: kidole chake kikifikia urefu wa kidole kama hicho cha baba yake, ndipo kinasimamishwa, ili vingine vikikua vikikute hapo.

Baba ni mvuvi, alikuwa Pemba. Ikabidi aitwe. Alifika na harufu ya chumvi, hajui ameitiwa nini, akaambiwa aweke kiganja juu ya karatasi. Daktari akachora kukizunguka kidole, akamwita mtoto aweke cha kwake juu ya mchoro. Kilibakiza upana wa kucha. Wamepangiwa kurudi baada ya miezi sita, na karatasi ile wamekabidhiwa waje nayo.